Umetoka kufanya fesho Bukoba au Muleba? Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua uso wako

Kwa ufupi
• Baada ya fesho ngozi inakuwa laini, lakini pia inakuwa imepungukiwa kinga yake.
• Jua la Kagera ni kali hata siku ya mawingu, na kilele chake ni karibu saa 7 mchana.
• Mkorogo, ndimu na kutumbua chunusi ndivyo vinavyogeuza mng'ao kuwa madoa.

Bukoba. Ikifika Desemba, wenyeji wa Kagera waliotawanyika mikoani wanarudi nyumbani, harusi zinafuatana na saluni zinajaa tangu asubuhi. Bibi harusi yupo kwenye kiti, msimamizi wake anasubiri, na mama mkwe naye amesema safari hii hataki kubaki nyuma. Wote wanataka kitu kimoja: uso unaong'aa.

Huduma ya kusafisha uso, ambayo wengi wanaiita fesho, inaweza kuwapa mng'ao huo. Shida inaanza mteja akishatoka mlangoni. Anapanda boda juani, jioni anakaa jikoni kwenye moshi, usiku anapaka krimu aliyoazimwa na shoga yake. Wiki mbili baadaye anajiuliza madoa yametoka wapi, na lawama zote zinaenda kwa mtu wa saluni.

Mara nyingi jibu liko kwenye yale yaliyofanyika ndani ya saa 72 baada ya huduma.

Nini kinatokea kwenye ngozi?

Sehemu ya juu kabisa ya ngozi ni tabaka la seli zilizokufa. Tabaka hilo linaonekana kama uchafu wa kuondolewa, lakini lina kazi: linazuia maji ya mwilini yasipotee na linazuia vumbi, vijidudu na kemikali visiingie kirahisi.

Skrabu, mvuke na maski vinapunguza tabaka hilo. Ndiyo maana ukigusa shavu baada ya fesho unahisi ulaini wa mtoto. Lakini kwa muda mfupi ngozi inakauka haraka, inachomwa na jua kirahisi, na chochote utakachopaka kinapenya zaidi ya kawaida, kiwe kizuri au kibaya.

Kwa mtu mzima ngozi hujitengeneza upya kwa takriban wiki nne, na kadiri umri unavyoenda muda huo unaongezeka. Kwa hiyo usitegemee kinga yote irudi kesho yake.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo jingine. Ngozi ikiumizwa, iwe kwa kucha, moto, jua au kemikali, inazalisha rangi nyingi zaidi pale ilipoumia. Matokeo yake ni doa jeusi ambalo linaweza kukaa miezi mingi kuliko hata hiyo chunusi iliyotumbuliwa.

Kabla hujainuka kwenye kiti

Uliza mambo matatu. La kwanza, umepakwa nini? Omba kuona kopo, na ukiweza lipige picha kwa simu. Ukipata mzio, picha hiyo itamsaidia daktari.

La pili, je, kuna asidi ya kuchubua iliyotumika? Kama ipo, uangalizi wako hauishii siku tatu, unafika wiki moja au zaidi.

La tatu, kama uso ulitobolewa kutoa vichunusi au ulinyolewa kwa wembe, hakikisha kifaa kilikuwa kipya au kilitakaswa ipasavyo. Vifaa vyenye damu ya mtu mwingine vinaweza kuambukiza homa ya ini B na Virusi vya Ukimwi. Kuuliza si kumdharau mtoa huduma, ni haki ya mteja.

Saa 24 za kwanza: uache uso upumzike

Usiguse uso kila dakika kuangalia ulaini. Mikono imeshika pesa, simu na mlango wa daladala, na vijidudu vyake vinahamia moja kwa moja kwenye vinyweleo vilivyotoka kusafishwa.

Ukitaka kunawa, tumia maji safi ya baridi au ya uvuguvugu, bila sabuni kali. Kama maji ya nyumbani ni ya mto, kisima au ziwa, yachemshe na uyaache yapoe. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, usisugue.

Kaa mbali na joto. Kujifukiza, kuinamia jiko la kuni, kukaanga samaki na mazoezi ya kutoa jasho jingi vinafanya uso uwake zaidi. Kama jikoni hakuna mwingine wa kupika, kaa upande ambao moshi hauelekei na usiinamie chungu.

Paka mafuta au losheni nyepesi isiyo na manukato. Mwenye ngozi kavu anaweza kupaka mafuta ya mgando kidogo sana usiku. Samli na mafuta mengine mazito yanayoziba vinyweleo, yaache kwanza kama una ngozi ya mafuta au unapata chunusi.

Usiku, badilisha foronya. Ile uliyoilalia wiki nzima ina mafuta ya nywele, jasho na vumbi.

Vipi kuhusu mekapu?

Subiri angalau siku moja, mbili zikiwezekana. Sponji na brashi zinazotumika kwa watu kumi kwenye sherehe moja ni njia rahisi ya kuhamisha vijidudu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea ratiba ya harusi. Fesho haifanywi asubuhi ya siku ya sherehe. Ifanye siku tatu hadi saba kabla, ili wekundu na vipele vidogo viwe vimetulia. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, ifanye wiki mbili au zaidi kabla, ili ngozi ikikataa bidhaa fulani upate muda wa kupona.

Jua la Kagera lisikudanganye

Bukoba iko chini kidogo tu ya Ikweta, na iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya jua inayochoma ngozi huwa mikali zaidi karibu na Ikweta, na huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000.

Watu wa Bukoba na Muleba wanalisahau hilo kwa sababu hali ya hewa ni ya ubaridi na mvua ni nyingi. Joto na mionzi ni vitu viwili tofauti. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo inaweza kupita kwenye mawingu mepesi. Unaweza kutembea ufukweni huku upepo wa ziwa unakupuliza, usihisi kuungua hata kidogo, na uso ukawa unaumia.

Kuna jambo jingine la saa. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini Kagera iko magharibi mwa nchi. Ndiyo maana jua la Bukoba linafika juu kabisa karibu saa 7 mchana, wakati Dar es Salaam linafika mapema zaidi. Kwa hiyo ukitoka saluni saa 8 mchana ukidhani jua limeshapoa, bado liko karibu na kilele chake.

Njia rahisi ya kupima ni kuangalia kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mti, mwavuli au kofia pana.

Mafuta ya kukinga jua, yaani sanskrini, yawe na SPF 30 au zaidi. Kiwango hicho kinazuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, kisha rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje au ukitoka jasho.

Kwa watu wenye ualbino, kinga ya jua ni ya kila siku, fesho iwepo isiwepo, kwa sababu kwao hatari ni saratani ya ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi RDTC, kilichopo KCMC mjini Moshi, kinatengeneza mafuta ya KiliSun kwa ajili yao.

Boda, vumbi na ziwa

Anayefanyiwa fesho Bukoba mjini na kurudi Kamachumu au Nshamba ana safari mbele yake. Sehemu ya lami si tatizo sana, tatizo ni kile kipande cha mwisho cha vumbi juu ya boda.

Funika uso kwa mtandio au kanga safi. Helmeti vaa, kwa sababu uhai unatangulia urembo, ila weka kitambaa chako safi kati ya helmeti na paji la uso. Ile ya kushirikiana imebeba jasho la abiria wote wa siku hiyo.

Kwa wanaofanya kazi visiwani Muleba, kama Bumbire, Ikuza na Goziba, kuanika dagaa ni kazi ya juani mchana kutwa. Kama huwezi kupata siku mbili za kupumzika kivulini, ni bora kuahirisha fesho kuliko kuifanya na kurudi mwaloni kesho yake.

Kuogelea nako kusubiri siku tatu hadi ngozi itulie.

Mkorogo ndio adui mkubwa

Baada ya fesho uso unaonekana mweupe kidogo, na wengine wanatamani "kuusaidia" ubaki hivyo. Hapo ndipo mkorogo unapoingia.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, pamoja na krimu za urembo zenye steroidi kali. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Marufuku hiyo ina sababu. WHO inaeleza kuwa zebaki huharibu figo na inaweza kuleta vipele, madoa na makovu. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kuacha weusi wa kibluu usiotoka. Steroidi zinafanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa ionekane na chunusi zifumuke. Ngozi iliyotoka kusuguliwa inazifyonza zaidi.

Soma kopo kabla ya kulipa. Ukiona maneno "mercury", "calomel", "hydroquinone" au "clobetasol", rudisha. Kama halina orodha ya viambato, mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi, usilinunue hata kama muuzaji anaapa kuwa ni la asili.

Dawa za jikoni nazo zina mipaka

Ndimu na limao ni vya asili, lakini ukivipaka na kutoka juani vinaweza kuunguza ngozi na kuacha alama nyeusi. Magadi na dawa ya meno vinawasha na kukausha. Asali, parachichi na mshubiri ni vipole zaidi, ila subiri siku tatu na ujaribu kwanza nyuma ya sikio.

Skrabu nyingine isirudiwe kabla ya wiki moja au mbili. Kama unatumia dawa ya chunusi uliyoandikiwa hospitali, muulize daktari lini uiendeleze.

Wanaume, hili linawahusu pia

Kwa kinyozi siku hizi ukimaliza kunyoa unawekewa skrabu, taulo la moto na spiriti juu yake. Wembe tayari umeshakwangua ngozi, skrabu inakwangua mara ya pili.

Kama una vipele vya ndevu, chagua kimoja: kunyoa au skrabu. Ukivifanya vyote, usinyoe tena kwa siku tatu hadi nne, na usivichokonoe vile vipele kwa sindano.

Wakati wa kwenda hospitali

Wekundu na joto kidogo kwa saa chache hadi siku moja ni kawaida. Si kawaida kuona usaha, malengelenge, maumivu yanayoongezeka, uvimbe unaosambaa au homa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Bukoba kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Muleba kuna Rubya, Ndolage na Kagondo.

Macho au midomo ikivimba, au ukishindwa kupumua vizuri, hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi na usipake chochote.

Kwa watu wengi, fesho moja kila wiki nne inatosha. Katikati ya hapo, maji safi, losheni nyepesi, kivuli cha saa 7 mchana na mikono isiyotumbua vitafanya kazi kubwa kuliko kurudi kwenye kiti kila Jumamosi.