Fishi, Siri na Amana: Kumbukumbu za Afya katika Historia ya Bukavu

Mjadala juu ya kuhifadhi habari za wagonjwa kwa njia ya kielektroniki mara nyingi huchukuliwa kuwa mjadala wa mitambo: je, umeme upo, mtandao upo, wauguzi wamefunzwa? Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, katika mji wa Bukavu, makao makuu ya Kivu Kusini, lipo swali lililoitangulia kompyuta kwa miaka mingi: habari iliyoandikwa juu ya mwili wa mtu ni mali ya nani, na nani ana ruhusa ya kuisoma? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shaka juu ya kumbukumbu za afya, pale inapojitokeza, haitokani na woga wa mambo mapya, bali ina mizizi katika historia.

Tuanze na lugha. Katika Kiswahili cha Kongo Mashariki, karatasi ya mgonjwa huitwa fishi, neno lililotoholewa kutoka Kifaransa. Fishi huandikwa na mwingine, hupewa namba, hufungiwa kabatini. Methali zetu nazo zinavutana juu ya jambo hili. "Mficha uchi hazai" yamhimiza mgonjwa aseme yote. "Siri ya mtungi aijuaye kata" yaweka mpaka: kata ndiyo iingiayo mtungini, si kila apitaye njiani. Kwa hiyo kusema kwa tabibu kunakubalika. Shaka huanza pale maneno yanapovuka tabibu.

Katika enzi ya ukoloni wa Wabelgiji maneno hayo yalivuka mapema. Malale yalipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, serikali iliwakagua watu kwa wingi, ikawapapasa tezi za shingo, ikaandika matokeo. Aliyetaka kutoka au kuingia katika maeneo ya ugonjwa alitakiwa kuonyesha cheti cha afya, na waliokutwa na ugonjwa walitengwa katika kambi ambazo wengi walizikimbia. Hatuwezi kukana kwamba ugonjwa uliua halaiki na kwamba ulihitaji kudhibitiwa. Lakini funzo lililobaki lilikuwa kwamba karatasi ya daktari husomwa pia na askari. Iliandikwa kumhusu mgonjwa, ila haikuandikwa kwa ajili yake.

Vita viliongeza funzo la pili. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, kusini mwa Bukavu, ilishambuliwa, na wagonjwa waliuawa vitandani pamoja na wauguzi. Dakta Denis Mukwege, aliyekuwa mganga mkuu wa hospitali hiyo, alikuja baadaye kuanzisha Hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999. Pale ambapo kitanda cha mgonjwa hakina usalama, kabati la majalada haliwezi kuwa nao.

Pamoja na hayo, historia hiyohiyo inatuonya tusiharakishe kuzikataa kumbukumbu. Huko Lwiro, kaskazini mwa mji, hospitali ilihifadhi habari za watoto waliotibiwa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007. Kwa kutumia kumbukumbu hizo, watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, waliwatafuta watoto hao miaka mingi baadaye, wakawapata mamia kadhaa wakiwa watu wazima, na kuchunguza athari za njaa ya utotoni. Bila makaratasi yale, mateso yao yangebaki simulizi za nyumbani.

Mfano wa Kavumu ni mzito zaidi. Kuanzia mwaka 2013 watoto wa kike wa mji huo mdogo, baadhi yao wachanga, walitekwa usiku na kubakwa, kisha wakapelekwa Panzi. Jalada moja lilieleza msiba wa nyumba moja. Majalada yalipowekwa pamoja yalionyesha uhalifu wa aina moja uliorudiwa. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11, akiwemo mbunge wa jimbo Frédéric Batumike, kifungo cha maisha, na hati za kitabibu zilikuwa sehemu ya ushahidi. Hapa tunakutana na kiini cha tatizo: hati zilezile zilizopaswa kusema waziwazi mbele ya hakimu zilipaswa pia kuwaficha watoto machoni pa jirani.

Kompyuta haikuondoa mvutano huo, imeukuza. Programu ya MediCapt, iliyobuniwa na shirika la Physicians for Human Rights kwa kushirikiana na madaktari wa Kongo na Kenya, humwezesha tabibu kujaza fomu ya ushahidi na kupiga picha za majeraha, kisha kuzihifadhi kwa maandishi-fumbo. Jalada la aina hiyo haliungui pamoja na kabati. Lakini habari za kielektroniki zikiibwa, wagonjwa maelfu huweza kunakiliwa mara moja, wala mlinzi wa lango asione kitu. Aidha, Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 iliweka ulinzi wa data binafsi nchini. Ila mnamo Februari 2025 waasi wa M23 waliutwaa mji wa Bukavu, na ikadhihirika tena kwamba mamlaka huweza kubadilika ghafla ilhali habari zilizoandikwa hubaki.

Kutokana na historia hii, twaweza kuhitimisha kwamba imani ya umma haitajengwa kwa kusifu kasi ya mashine. Itajengwa iwapo mgonjwa ataambiwa, kwa Kiswahili anachokielewa, nani atafungua fishi yake. Iwapo jina litatenganishwa na ugonjwa panapowezekana. Na iwapo kila anayeifungua ataacha alama ya kwamba aliifungua. Kumbukumbu ya afya ni amana, na amana ina mwenyewe.