Daktari ni wa Nani? Ugomvi wa Mwaka 1911 Uingereza

Wengi wetu tulioingia Uingereza tunaikumbuka siku ile mwenyeji wetu alipotupeleka kujiandikisha kwa daktari wa mtaa, huyu anayeitwa GP. Hatukuwa tunaumwa. Tulijaza fomu, tukaulizwa anwani, tukaambiwa basi, sasa mmo kwenye orodha. Sisi tuliozoea kwamba kwa daktari huenda mgonjwa, tena huenda na pesa mkononi, tulirudi nyumbani tukijiuliza: daktari huyu anakula nini iwapo hatuumwi? Jibu tulilopewa ni kwamba sehemu kubwa ya malipo yake huhesabiwa kwa vichwa vilivyomo kwenye orodha, vizima na vigonjwa.

Kazi yetu ni uhandisi, na mhandisi akiuona mtambo hupenda kujua nani aliubuni na alikuwa anakimbia tatizo gani. Tulianza kusoma tukidhani tutaishia mwaka 1948, wakati huduma ya afya ya taifa ilipozaliwa. Kumbe orodha ile ni kongwe zaidi. Ilianza Januari 1913, na ilitokana na ugomvi uliowafanya madaktari wa nchi hii watishie kugoma.

Kwanza tuitazame hali ilivyokuwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 tajiri alimwita daktari nyumbani akamlipa. Fukara kabisa alikwenda kwenye sheria ya maskini, akatibiwa kwa fedheha. Katikati walikuwapo mamilioni ya wafanyakazi, na hawa walijitengenezea njia yao: vyama vya kusaidiana, kama Oddfellows na Foresters. Msomaji wa ughaibuni hahitaji kuelezwa sana hapa, kwani sisi wenyewe tuna vyama vyetu vya kuzikana, na tunajua vinavyoendeshwa: mchango kila mwezi, mweka hazina mkali, na kikao kirefu kuliko ilivyotangazwa. Vyama vyao vilikuwa hivyo hivyo, ila vilikwenda hatua moja mbele: viliajiri daktari. Walimlipa shilingi chache kwa kila mwanachama kwa mwaka, naye akawatibu wote. Asipowaridhisha, wachimba makaa na mafundi seremala walikaa kikao wakamwachisha.

Jambo hili la mwisho tunaomba mlishike, maana ndipo siri ya habari nzima ilipo. Madaktari hawakuupenda utumwa huo, kama walivyouona wao. Msomi aliyetoka chuo kikuu kuitwa mbele ya kamati ya vibarua ajieleze kwa nini hakufika usiku! Tena malipo yenyewe madogo.

Serikali nayo ilikuwa na hofu zake. Wakati wa vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, vijana wengi waliojitokeza kujiunga na jeshi walikutwa wadhaifu mno hata kubeba bunduki. Himaya kubwa namna ile, na watoto wake wamekonda! Kamati ikaundwa, ikatoa ripoti mwaka 1904. Baadaye zikaja sheria za chakula shuleni (1906) na uchunguzi wa afya ya wanafunzi (1907). Mwaka 1908 Waziri wa Fedha, David Lloyd George, alikwenda Ujerumani kutazama bima ya wafanyakazi, ambako Bismarck alianzisha bima ya ugonjwa mwaka 1883.

Mswada wake ulifika bungeni mwaka 1911. Hesabu yake ilikuwa ya peni, nazo zilikuwa 12 katika shilingi moja. Mfanyakazi mwanamume akatwe peni 4 kwa wiki, mwajiri atoe 3, serikali iongeze 2. Lloyd George aliinadi kama muuza duka: unatoa 4, unapata 9. Akiugua, mwanamume angepata shilingi 10 kwa wiki hadi wiki 26, na mwanamke shilingi 7 na nusu. Kungekuwa na shilingi 30 za uzazi, matibabu ya kifua kikuu, na daktari. Ilikuwa lazima kwa kila afanyaye kazi ya mikono, na kwa wengine wenye mapato yasiyozidi pauni 160 kwa mwaka. Watu zaidi ya milioni 10 waliingia.

Upinzani ulitoka kila upande, na mwingine ulikuwa kichekesho. Novemba 1911 mabibi wa majumba makubwa na watumishi wao walijaa ukumbi wa Albert Hall, London, kupinga kulamba stempu za bima. Mwandishi Hilaire Belloc, katika kitabu chake cha 1912, aliona kwamba sheria za namna hii zinamrudisha mfanyakazi utumwani, kwani serikali sasa inamhesabu na kumkata mshahara kwa lazima. Tusimcheke upesi, mtu anayekatwa kwenye mshahara kwa jambo ambalo hakuulizwa ana haki ya kunung'unika.

Sidney na Beatrice Webb walipinga kwa sababu nyingine kabisa. Wao waliona serikali inafanya kidogo mno. Beatrice alikuwa mjumbe wa tume ya sheria ya maskini iliyomaliza kazi mwaka 1909, akaandika maoni ya wachache. Hoja yake, kwa maneno yetu, ni kwamba kumpa mgonjwa fedha ni kungoja augue. Kinachotakiwa ni idara moja ya afya ya umma inayoufuata ugonjwa mpaka kwenye maji machafu na vyumba vya unyevu unakotokea. Benjamin Moore wa Liverpool alikwenda mbali zaidi, akataka madaktari wote waajiriwe kwa mshahara, na mwaka 1912 chama kikaundwa kulitetea wazo hilo. Sisi kwa taaluma yetu tunavutika na upande huu. Hujengi kituo cha zimamoto ukaacha nyaya zimechubuka. Lakini inabidi tukiri kwamba Beatrice alikuwa na udhaifu wa wataalamu wengi: alitaka kuwatengeneza maskini tabia, na hakupenda wapewe pesa bila masharti ya mwenendo.

Sasa turudi kwa madaktari. Ukisoma haraka utadhani walikuwa wanapigania uhuru dhidi ya serikali. Maneno yao mengi yalisema hivyo. Lakini tazama madai sita ambayo chama chao, British Medical Association, kiliyaweka mezani mwaka 1911. Mgonjwa awe huru kuchagua daktari. Wenye kipato kizuri wasiingizwe, waendelee kulipa wenyewe. Malipo yaongezwe, na madaktari wawakilishwe. Na lililo kubwa: matibabu yasisimamiwe na vyama vya kusaidiana, yasimamiwe na kamati za bima za kila eneo. Yaani walipolazimika kuchagua bwana, walimkimbia mchimba makaa, wakachagua ofisi ya serikali.

Lloyd George, mwanasheria mjanja kutoka Wales, aliliona hilo mapema. Alikubali karibu yote isipokuwa kiwango cha kipato. Ikabaki bei. Madaktari zaidi ya 20,000 walikuwa wametia saini kiapo cha kutoshiriki. Serikali ikamtuma mhasibu, William Plender, apekue vitabu vya madaktari katika miji kadhaa, akakuta wanapata wastani wa shilingi 4 na ushei kwa kichwa kwa mwaka. Lloyd George aliyekuwa akitaja shilingi 6 akapanda hadi karibu 9, dawa zikiwamo. Desemba 1912 wajumbe wa chama walipiga kura wakakataa tena. Lakini daktari wa mtaa maskini naye alijua hesabu. Mapato yake yangeweza kuongezeka maradufu, na alisikia kwamba wakigoma, serikali italeta madaktari wa mshahara katika eneo lake. Kufikia Januari 1913 zaidi ya 10,000 walikuwa wamejiandikisha kimyakimya, na chama kikalazimika kuwafungulia kiapo. Viongozi waliobaki wanapiga kelele jukwaani waligeuka nyuma wakakuta viti vitupu.

Vyama vya kusaidiana vilibakishiwa kazi ya kugawa fedha za ugonjwa, tena vikagawana kazi hiyo na makampuni makubwa ya bima ya mazishi, ambayo mawakala wake walipita nyumba kwa nyumba kila wiki. Makampuni hayo yalikuwa na nguvu kiasi cha kuifanya serikali ifute mpango wa pensheni ya wajane. Yaliruhusiwa kuunda vyama vyao vya bima, ambavyo kwa sheria ni vya wanachama, lakini mwanachama wa kampuni hakuwa na kikao cha kuhudhuria. Kikao kile kirefu cha wachimba makaa, pamoja na kero zake zote, kiliondoka na mamlaka yake juu ya daktari. Tunapoona vyama vyetu huku vinavyoyumba kwa kukosa wahudhuriaji, hatuisomi sehemu hii bila kuguswa.

Tumeacha kwa makusudi jambo linalotusumbua zaidi. Daktari huyu aliyegombewa miaka miwili alikuwa wa mfanyakazi mwenyewe tu. Mkewe asiyeajiriwa hakuwamo. Watoto hawakuwamo. Hospitali haikuwamo, ukitoa ile ya kifua kikuu. Hata shilingi 30 za uzazi mwanzoni zilikuwa haki ya mume, mpaka wanawake wa Women's Co-operative Guild, chini ya Margaret Llewelyn Davies, walipopigana zikawa mali ya mama mwaka 1913. Chama hicho kilichapisha mwaka 1915 barua za wanawake wa kawaida kuhusu mimba na uzazi wao. Katika makelele yote ya Albert Hall na viapo vya madaktari, sauti hizo hazikuwa mezani.

Wizara ya Afya iliundwa mwaka 1919, waziri wake wa kwanza akiwa Christopher Addison, ambaye mwenyewe alikuwa daktari. Mwaka 1920 Lord Dawson akatoa ramani ya vituo vya afya nchi nzima, vidogo vikipeleka wagonjwa kwa vikubwa. Ilikuwa ramani nzuri. Ukata ukaja, ikawekwa kabatini.

Kuanzia Januari 1913 hadi Julai 5, 1948 ni miaka 35 na nusu. Katika majuma ya kwanza baada ya siku hiyo, vyumba vya kungojea vya madaktari vilijaa wanawake wenye vizazi vilivyoshuka na ngiri za miaka mingi. Walikuwa wamezificha chini ya kanga za kwao, wakipika na kufua, kwa sababu mwenye kadi ya daktari nyumbani alikuwa mume.