Waliofika Oktoba Walikosa Kiangazi

Mwambao wa Ziwa Mweru hupata mvua kuanzia Novemba hadi karibu Aprili, na watu wa Nchelenge, Zambia, wameipangia maisha yao. Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi, matuta ya muhogo huinuliwa udongo ukianza kulainika, na tangu Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa samaki wazae. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba masika ndiyo yaliyoleta dhiki katika kituo cha wakimbizi cha Kenani, wilayani humo, mwishoni mwa 2017. Mvua ile ile iliwanyeshea wenyeji wa mji wa Kashikishi, huko huko Nchelenge, ikawakuta na paa juu na shamba limelimwa. Wakongomani waliovuka mpaka tangu Agosti, wakikimbia mapigano ya majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, iliwakuta chini ya maturubai. Turubai lililofungwa kwenye miti michanga halistahimili: maji hujikusanya katikati, tumbo lake hushuka hadi kichwani, na mtu wa ndani hulisukuma kwa fimbo huku mwenzake akichimba mfereji kwa jembe kuzunguka pale watoto walipolala. Waliofika Oktoba hawakukosa bidii, walikosa kiangazi.

Nitajibiwa kwamba vita havingoji msimu. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kujiandaa. Desemba 2000, mji wa Pweto, Kongo, ulipotekwa na waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda, maelfu walivukia Zambia mvua ikinyesha. Kambi za Mwange (Mporokoso) na Kala (Kawambwa) ziliwahifadhi wakimbizi wa vita vile, kisha zikafungwa waliporudi kwao. Miaka 17 baada ya Pweto kutekwa ikabidi ardhi itafutwe upya, na makazi ya wakimbizi ya Mantapala yakaanza kupokea watu Januari 2018, masika yakiwa katikati. Wengine watasema serikali yenye mahitaji mengi haiwezi kutunza kambi tupu. Sawa, lakini eneo lililokwisha kukubaliwa na machifu, lenye visima na njia inayopitika, si kambi tupu. Ni kiangazi kilichowekwa akiba kwa ajili ya atakayechelewa. Mantapala yenyewe ilikuwa wazo jema, kwa kuwa iliwapa watu ardhi ya kulima. Ila muhogo wa kienyeji hukaa ardhini zaidi ya mwaka, na pingili iliyochomekwa Februari 2018 ilikuwa bado haijatoa mihogo ya kuvuna masika mengine yalipoanza.