Redio za Pamba na Waranti ya Kulipia

Hapa Kisesa redio iliingia na pamba. Wakulima wa Usukuma walipounda shirikisho la vyama vyao vya ushirika mwaka 1955, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, fedha ya mavuno ilianza kupita mikononi mwao wenyewe. Aliyevuna vizuri alinunua baiskeli kwanza, kisha redio. Baba yangu alikuwa fundi wa redio hizo, na meza yake ndiyo ninayofanyia kazi mpaka leo.

Redio zile hazikuuzwa na waranti ya kulipia, yaani muda wa ziada wa dhamana ambao mnunuzi anaulipia. Kilichotupa imani ni kwamba kiwanda kilikuwa nchini. Matsushita ilianza Dar es Salaam mwaka 1966, ikatengeneza redio za National na betri zake. Philips nayo iliunganisha redio Arusha. Spea zilikuwepo, na baadhi ya redio zilibandikwa mchoro wa saketi ndani ya kifuniko cha nyuma. Mwaka 1973, kampeni ya elimu ya afya kwa redio, Mtu ni Afya, ilipokusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, redio ikizima kikundi kizima kilikosa somo. Fundi hakuweza kusema njoo wiki ijayo.

Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika na spea zikatoweka. Hapo dhamana ikawa mzigo wa fundi. Baba alinyofoa transista kwenye redio zilizokufa akafufulia nyingine, na kila kifaa alichochomea alikitia tone la rangi ya kucha. "Ikizima kabla ya mavuno, mzee, irudishe," alimwambia mteja. Redio ikirudi, baba aliifungua mbele ya mwenyewe. Tone likionekana pale palipoharibika, alitengeneza bure. Sijaona dhamana iliyo safi kuliko ile: aliyeahidi ndiye aliyetengeneza, na mteja alijua anapolala.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na mwaka 1994 televisheni ikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Vifaa vikajaa, na karatasi za waranti zikaja navyo.

Siku hizi ukinunua televisheni mjini Mwanza unaweza kuambiwa: "Mama, ongeza kidogo upate miaka miwili zaidi." Jirani yangu aliongeza. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza pawa saplai. Dukani alionyeshwa maandishi madogo: uharibifu wa umeme haumo, wa maji haumo, na kifaa kikiguswa na fundi wa nje waranti inakufa. Jambo hilo lilinikera sana, kwa sababu vinavyoua vifaa mezani kwangu ni hivyo hivyo: umeme, maji, vumbi, na mjusi anayejipenyeza kwenye saketi akaipiga shoti. Ubovu wa kiwandani kwa kawaida hujitokeza mapema, waranti ya bure ingali hai. Uchakavu nao huja baada ya miaka, hata ile ya kulipia imeshakwisha. Katikati hapo ndipo mtu anapotozwa.

Uingereza waliona tatizo hili wakatunga amri mwaka 2005, inayompa mnunuzi siku 45 za kughairi waranti ya namna hiyo na kurudishiwa fedha yake. Kwetu, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, kwa kawaida inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi yake, bila mnunuzi kuongeza senti.

Kwa hiyo nawaambia wateja wangu waziwazi: msiinunue. Labda kwa friji kubwa ambayo karakana ya mtengenezaji ipo Mwanza na karatasi inataja umeme kwa jina, hapo fikiria. Vinginevyo fedha hiyo nunulia kifaa cha kulinda umeme. Dai risiti yenye namba ya kifaa, ihifadhi pamoja na kadi ya waranti ya bure, na soma karatasi yote ungali umesimama kaunta, kabla hujalipa.