Hiroshima inaandika majina, Shinkolobwe je?

Nilipokuwa nasoma Hiroshima, siku za Yenga wanafunzi wageni tulikuwa tunatembezwa mjini. Mimi mtu wa kilimo, bustani ya Shukkeien ndiyo ilinigusa zaidi. Mule mna mti wa ginkgo, karibu kilometa 1.4 tu kutoka pale bomu lilipolipuka tarehe 6 Agosti 1945. Uliungua lakini haukufa, ukachipuka tena. Leo una kibao chake, kama mtu mwenye kitambulisho.

Sisi Wakongomani tusiuangalie kama watalii tu. Sehemu kubwa ya urani ya lile bomu ilitoka kwetu Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alituma New York zaidi ya tani 1,200 za mawe yale. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likaanza kuyanunua, na mwaka 1946 Sengier akapewa medali. Wachimbaji weusi wenye waliyatoa chini ya udongo hawakupewa.

Kule, watu karibu 140,000 walikuwa wamekufa kufikia mwisho wa 1945, na mpaka leo mji unaongeza majina kwenye daftari la marehemu wa bomu. Daftari la Shinkolobwe liko wapi?

Wazee wenye wanakumbuka wanaisha. Kama uko na babu ao nyanya pande za Likasi, likizo hii muulize, uandike: jina, kijiji, mwaka. Hiyo kazi haihitaji buruse wala viza.