Uji wa mzazi bila mchele: mke mja mzito Unguja wakati wa Vita vya Pili



Mabibi harusi wanapopata mimba ya kwanza, suali kubwa huwa ni la chakula. Ale nini, aache nini, mama mkwe kasema hivi, somo kasema vile. Leo tumeona turudi nyuma miaka themanini na zaidi, tuingie jikoni kwa mke kijana mwenye mimba hapa Unguja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita hivyo vimeandikwa sana kwa majina ya majemadari na manowari. Sisi tunataka kujua kilichokuwa chunguni.

Vita vilianza 1939, lakini kwa mke wa Ng'ambo au wa Malindi vilifika hasa 1942, na vilifikia dukani. Visiwa vyetu wakati ule vilikuwa vikiuza karafuu na kununua mchele, na sehemu kubwa ya mchele huo ilitoka Burma. Machi 1942 Wajapani waliuteka mji wa Rangoon. Aprili wakaishambulia Ceylon, na manowari za Kiingereza zikarudi nyuma mpaka Kilindini, Mombasa. Ilipofika Juni na Julai, nyambizi za Kijapani zilikuwa zikizamisha meli za mizigo katika mlango wa bahari wa Msumbiji, kusini yetu tu hapo. Mchele wa Burma ukakatika, na hata meli za kuleta chakula kingine zikawa haba.

Serikali ya Kiingereza ikaleta mgao. Hapa pana jambo ambalo bado linatukera kila tukilisoma. Mgao wa chakula Zanzibar ulifuata kabila. Kila jamii ilikadiriwa "chakula chake cha kawaida": wengine wakahesabiwa kuwa ni watu wa mchele, na walioandikwa Waafrika wakaelekezwa zaidi kwenye mahindi na muhogo, kana kwamba pilau la harusi na uji wa mzazi havikuwahi kupikwa majumbani mwao. Nyumba mbili zinazopakana ukuta, zinazoazimana chumvi, wake wawili wenye mimba za mwezi mmoja, kila mmoja na fungu lake. Maneno ya nani ni nani yalizidi ukali tangu hapo, na tunajua yalikotufikisha.

Na huko Uingereza kwenyewe, miaka hiyohiyo, mja mzito alipewa kitabu cha mgao cha rangi ya kijani. Kitabu hicho kilimpa haki ya maziwa kila siku, mayai zaidi ya watu wengine, na kutangulizwa matunda yanapopatikana. Yaani serikali ileile ilijua vizuri kwamba mwenye mimba anakula kwa ajili ya wawili. Kwetu kilichoangaliwa mwanzo ni kabila la mtu.

Basi alikula nini? Alikula muhogo. Muhogo wa kuchemsha asubuhi, muhogo wa nazi mchana, na ugali wa unga wa muhogo jioni, labda kwa kisamvu au mchuzi wa dagaa. Viazi vikuu, majimbi, mashelisheli na ndizi mbichi vikatoka katika daraja ya vitafunio vikawa ndio chakula chenyewe. Nazi, alhamdulillah, ilikuwapo, na samaki alikuwapo kwa aliye karibu na pwani. Mke wa shamba alikuwa na nafuu kuliko wa mjini, maana chakula chake kilikuwa uani kwake. Wanawake wa Pemba, ambao tangu zamani ndio wanaolima mpunga mabondeni, walikuwa na kitu ambacho wake wa mjini wasingekipata hata kwa bangili ya dhahabu.

Kwa mtu mzima mwenye afya, muhogo unashibisha. Kwa mja mzito wa miezi mitatu ambaye harufu ya chungu tu inamkimbiza uani, ni mtihani. Walio na mimba zinazochagua chakula watatuelewa. Siku unayotamani wali mweupe na mchuzi wa papa, ukaambiwa hakuna mpaka mgao ujao, na mgao ujao wenyewe ni wa mahindi! Waliokuwa wakitamani udongo angalau walitosheka, kwani udongo haukuwa na kadi.

Majahazi ya Uarabuni yalikuwa msaada, kwa sababu hayahitaji makaa wala mafuta. Yalishuka na kaskazi kama kawaida yake, na katika shehena zake mlikuwa na tende. Kwetu Waislamu tende na mja mzito ni vitu vinavyokwenda pamoja tangu kisa cha Bibi Maryam chini ya mtende, na mama aliyepata kuweka kidogo kabatini alimwekea bintiye aliye karibu kujifungua.

Ramadhani za miaka hiyo ziliangukia zaidi Septemba. Mja mzito anayeogopa madhara ana ruhusa ya kula, hilo linajulikana. Lakini katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, anayekula kwa kumhofia mtoto tu hulipa siku zake na hutoa na fidia ya kibaba kimoja kwa kila siku, katika chakula kikuu cha mji. Chakula kikuu cha mji wa Unguja ni mchele. Hesabu vibaba 30, mwaka ambao mchele wenyewe haupo, ndipo utakapoelewa kwa nini wapo waliojikaza wakafunga na mimba zao.

Nguo nazo ziliadimika. Katika miaka ya 1930 Japani ilikuwa imekuwa muuzaji mkubwa wa kanga katika mwambao wetu, na Desemba 1941 ikaingia vitani upande wa pili. Doti mpya ikawa kitu cha kusimuliwa. Kwa mwenye mimba hili si jambo la mapambo. Winda za mtoto ni kanga, mkaja wa kufunga tumbo baada ya kuzaa ni kanga, mbeleko ni kanga, na shuka la kulalia ni kanga. Kanga kuukuu ndiyo laini zaidi kwa mtoto, hilo bibi zetu walilijua hata kabla ya vita, lakini kanga kuukuu ikichanwa winda, mama mwenyewe avae nini?

Na baba wa mtoto yuko wapi? Wapo waume wa Afrika Mashariki waliochukuliwa katika Keya, yaani King's African Rifles, wakapigana Bukini mwaka 1942 na kisha Burma mwaka 1944. Ajabu ya mambo: kule ulikokatika mchele ndiko alikopelekwa mume. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa muda mfupi sana, na zaidi ya watu 1,200 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Habari za namna hiyo zilichelewa kufika. Sharia inasema eda ya mjane mwenye mimba humalizika anapojifungua. Kwa hiyo mwanamke wa wakati ule aliweza kubeba mimba, kuzaa na kutoka arubaini hali hajui kuwa eda yake ilianza na kwisha zamani.

Kuzaa kwenyewe kulikuwa kwa wengi nyumbani, kwa mkunga. Mimba ya kwanza binti alirudi kwa mama yake, kama ilivyo desturi yetu mpaka leo. Pale ambapo mume hayupo, babu au mjomba ndiye aliyemwadhinia mtoto sikioni. Kisha zikaja siku arubaini, na hapa ndipo upungufu ulipouma kuliko pote, kwa sababu chakula cha mzazi wetu chote kimejengwa juu ya nafaka iliyokatika: uji wa mchele wa pilipili manga, wali laini, mchuzi wa kuku. Maji ya moto ya kumkanda yalikuwapo, makumbi na vifuu vya kuyachemshia vilikuwapo. Uji ukapikwa kwa unga wa muhogo au wa mtama, pilipili manga ikatiwa vilevile, na mzazi akaambiwa anywe usingali moto.

Vita vilikwisha 1945. Mashamba ya Burma yalikuwa yameharibika, na nchi ile haikurudi kuuza mchele kwa wingi wa zamani. Mtoto aliyezaliwa 1943 aliota meno, akatembea, akaanza kutumwa dukani, na bado kwao wali ulikuwa ni chakula cha wageni na cha sikukuu.