Kazi ya barabara: zamani watu waliikimbia, leo wanaitafuta

Siku hizi ikisemwa kwamba kijijini kuna kazi ya barabara, watu wanaamka usiku ili waandikwe. Wazee wakiona hivyo wanashangaa. Wakati wao, mtu aliyesikia habari hiyo alijificha porini.

Wakati wa Wabelgiji, serikali iliitwa Bula Matari, yaani mvunja mawe. Tangu 1917, mwanakijiji alilazimishwa kulima mazao yaliyochaguliwa na wakubwa, kama pamba na mpunga, hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita ya pili ya dunia, siku hizo zilipanda hadi 120. Juu ya hayo kulikuwa na barabara za kuchimba na kutunza. Aliyekataa alingojewa na fimbo au gereza. Shamba la nyumbani lilibaki kwa mama peke yake, na njaa ikaingia.

Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, Mobutu alileta salongo: kazi ya wote, bila malipo. Jina lilibadilika, lakini maskini aliendelea kuumia, kwa sababu anayeishi kwa kibarua akikosa siku moja, amekosa ugali wa siku hiyo.

Mambo yalianza kugeuka wakati kazi za mikono zilipoanza kulipwa. Kwa mfano, mwaka wa 2014 Benki ya Dunia ilikubali kufadhili mradi wa STEP hapa mashariki, chini ya Fonds Social. Jembe ni lilelile na mtaro ni uleule, lakini jioni kuna feza. Kwa jamaa maskini, feza hizo ni dawa ya mtoto, daftari za shule, au akiba ndogo katika AVEC. Na barabara ikifunguka, mihogo inafika sokoni kabla haijaoza.

Hata hivyo, kazi hizi hazidumu. Siku zikiisha, aliyekula malipo yote anarudi alipokuwa; aliyenunua mbuzi au mbegu anabaki na kitu. Kazi ikianguka wakati wa kupanda, mkulima anapata franka leo na kukosa mavuno kesho. Malipo yakichelewa, anaingia deni dukani. Mkimbizi wa ndani, aliyeacha shamba lake mbali, anaumia zaidi: hana hata majani ya muhogo ya kuchuma akingoja.

Kwa hiyo, kabla ya kushika beleshi, tuulize mbele ya watu wote: Ni siku ngapi? Ni franka ngapi kwa siku? Zinalipwa lini? Nani aliandika orodha, na je, wajane na wakimbizi wamo? Babu zetu hawakuwa na ruhusa ya kuuliza maswali hayo. Sisi tunayo, tuitumie.